Shuka, Tusalimie

Mipira ya baiskeli imerudi madukani. Juzi nilimkuta mwenye duka mmoja pale sokoni Babati akiitundika mlangoni kama mikanda, nikasimama kuitazama mpaka akaniuliza kama nanunua au nahesabu. Sikununua. Nimemaliza chuo mwaka huu, nasubiri kupangiwa kazi, na kila siku nina mengi ya kuwazia: nitapangiwa wapi, nikipelekwa mbali baba atabaki na nani, na je, nisipopangiwa kabisa. Lakini pale dukani nilikumbuka njia ya Dareda tu, na yale matairi yetu ya nyasi.

Ilikuwa miaka ya foleni. Mtu akiona watu wamejipanga aliingia kwenye mstari kwanza, ndipo akauliza kinauzwa nini. Basi lililokuwa likienda Dareda lilikuwa limepandishwa juu ya mawe, halina matairi, na kuku walitagia chini yake. Baba alikuwa na baiskeli nyeusi aliyoinunua enzi za ualimu wake. Mpira wa ndani wa gurudumu la nyuma ulikuwa umezibwa mpaka viraka vikawa vingi kuliko mpira wenyewe. Tukafanya kama walivyofanya wengine wote: tukautoa, tukashindilia nyasi ndani ya tairi, tukalifunga kwenye rimu kwa vipande vya kamba.

Baba alikuwa ameipanda na kuishuka milima ya njia ile kwa miaka mingi, akihama shule hii kwenda ile. Mwaka ule macho yake yalikuwa yamefifia. Aliona mwanga na vivuli, basi. Mdogo wake, aliyeteremka kutoka Mbulu na kulima Dareda, alikuwa amefariki, na sasa binti wa marehemu alikuwa anaolewa. Akatuma neno kwamba hatoki ndani kwenda kanisani mpaka baba yake mkubwa aje amshike mkono. Tatizo ni kwamba padri alikuwa na vigango vingine vya kuhudumia siku ileile. Misa ingeanza saa nne, na asiyekuwepo ingempita.

"Mama," baba aliniambia. Ananiita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Utaniendesha."

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kidato cha sita, na sikujua kufanya jambo bila kulizungusha kichwani kwanza. Nilianza na nyasi. Watu wote walitumia kavu. Mimi nikawaza kwamba kavu zitavunjika na kuwa vumbi, lakini mbichi zitanepa, zitabeba uzito wa watu wawili vizuri zaidi.

"Umewahi kuona mtu akiweka mbichi?" baba akauliza.

"Hapana, baba."

"Haya. Tutaona."

Suala la nyasi lilipoisha nikahamia kwenye mavazi. Gauni lingeingia kwenye mnyororo. Suruali ingewapa watu wa harusini la kusema mpaka Krismasi. Mwishowe nilivaa gauni juu ya suruali ya kaka yangu, nikaikunja hadi magotini, na bado nikaondoka nyumbani Bagara bila uhakika.

Tulitoka jua likichomoza. Baba alikaa nyuma, miguu ameitanua, mapajani amepakata mche wa sabuni uliofungwa kwenye kanga. Ndiyo ilikuwa zawadi ya bi harusi, na miaka ile hakuna aliyecheka zawadi ya sabuni. Nangara tuliipita wanawake wakitoka kuteka maji.

"Jamani njooni mwone! Binti kampakia mzee!"

"Mzee, shuka umsaidie mtoto!"

"Huyu ndiye dereva wangu," baba akawajibu. "Leseni hana, lakini bei yake nafuu."

Walicheka mpaka ndoo zikamwaga maji. Mimi masikio yalikuwa yanawaka.

Baada ya Nangara njia inaanza kupanda na kushuka, kilima baada ya kilima, udongo mwekundu, mbaazi zimechanua njano pande zote mbili. Nyuma yetu ziwa lilikuwa limelala chini ya ukungu, na mbele, ng'ambo ya vilima vyote, ukuta wa Bonde la Ufa ulisimama wa buluu kana kwamba hausogei kamwe. Kwenye mpando tulishuka tukasukuma. Kwenye mteremko nilibana breki ya mbele, kwa kuwa ya nyuma ilikuwa haishiki. Baba alijua tulipo kwa masikio na pua. "Hapa ni kwa yule wa nyuki," alisema, au, "Mto huu. Maji yamepungua."

Kilichonitesa ni salamu. Baba hakuwa mtu wa kumsalimia mzee mwenzake kutoka juu ya baiskeli. Akisikia kikohozi, fimbo ikigonga jiwe, au kandambili zikiburuzwa, aliniambia neno moja tu: "Shuka." Nashuka, naye anashuka, anavua kofia. Mtu huyo akiwa mkubwa wake, anampa shikamoo. Akiwa mdogo, anangoja apewe, aitikie marahaba, na kwa vyovyote zinafuata habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za mtoto aliyemfundisha kusoma ambaye sasa ana watoto. Kisha tunapanda tena, na kabla sijapata mwendo, "Shuka."

"Baba, Misa itatupita."

"Watu wako njiani, mama. Tuwapite kama miti?"

Nilitazama jua, nikapiga hesabu ya vilima vilivyobaki na wazee wanaoweza kuwa nyuma ya kila kilima. Nikamwona binamu yangu amekaa kitandani na shela yake, padri anapanda pikipiki kwenda kigango kingine, na ndugu wote wananigeukia mimi. Nilikuwa nimefika mbali sana kwa mawazo tulipofika juu ya kilima kikubwa kuliko vyote, mteremko mrefu uko mbele yetu, na baba akasema, "Shuka."

Nikashuka. Yaani niliiachia baiskeli iteremke.

Kwa kweli nilifikiri ameelewa hatimaye kwamba tumechelewa, anataka twende. Baiskeli ikashika kasi. Gauni likajaa upepo. Upande wa kushoto nikaona kikongwe na kikapu chake, amesimama kando ya njia, tayari ameshafungua mdomo kuitikia. Tukampita kama risasi.

"Shikamoooo!" baba akapiga kelele akigeuza shingo nyuma, mkono mmoja kwenye kofia, mwingine kwenye sabuni.

Breki ya mbele ililia tu. Tulipofika chini nilisikia kitu kama mtu anayekanyaga tope, baiskeli ikayumba, tukaanguka taratibu kwenye mbaazi. Hatukuumia. Niligeuka kutazama gurudumu. Kamba zimekatika, tairi limetoka kwenye rimu, na zile nyasi zangu mbichi zimesagika kuwa uji wa kijani unaochuruzika.

Baba alilipapasa tairi, akanusa vidole vyake. "Baiskeli yako inacheua," alisema.

Mimi nilianza kulia. Yeye aliokota sabuni, akaipangusa vumbi, akakaa kwenye ukingo wa njia na kugeuzia sikio kule tulikotoka. Mpaka leo sijui kama alikuwa na wasiwasi. Wangu ulitosha watu wawili.

Yule kikongwe aliteremka polepole na fimbo yake.

"Nani hao," alisema kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya kwao Mbulu, "wanaonisalimu kama treni?"

Baba alisimama, akavua kofia. "Shikamoo, mama. Nisamehe. Dereva hakunisikia."

"Marahaba. Mmeumia?"

"Hatujaumia."

"Mnakimbilia wapi?"

Baba akamweleza, bila haraka, kuanzia enzi za ualimu wake na kifo cha mdogo wake. Kikongwe alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akanitazama mimi na suruali yangu iliyokunjwa.

"Harusi hiyo na mimi naiendea," akasema. "Napita njia ya mkato, ya mawe mtoni. Wewe mwalimu kwa macho hayo utaanguka. Nyie fuateni barabara. Nitawaambia uko njiani."

Akaenda zake kwenye mbaazi, kikapu kichwani. Tukabaki kusukuma. Baba alishika kiti cha nyuma, mimi usukani, tairi likining'inia na rimu ikigonga kila jiwe. Jua likapanda. Nilisikia kengele ya kanisa kwa mbali nikajua basi, imekwisha. Nilikuwa natunga maneno ya kuwaambia ndugu, nayafuta, natunga mengine, tulipofika juu ya kilima cha mwisho nikaona watu wanapanda kutujia. Mbele yao, shela ameikusanya mkononi ili isiburuzike, viatu vyeupe tayari ni vyekundu, alikuwa binamu yangu.

"Si ulisema hutoki ndani?" nilimwuliza. Ndilo neno pekee nililopata.

"Bibi kaniambia baba mkubwa yuko kilimani na baiskeli imetapika," akasema. "Nikamwambia padri, ukiondoka, ondoka. Mimi nakwenda kumchukua. Akasema atangoja."

Akampigia goti baba pale barabarani, kwenye vumbi, na shela yake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Baba alinyoosha mkono. Ulipita pembeni kidogo, hewani, na binti akausogelea akaushika kabla mtu hajaona.

Waliteremka hivyo hadi kanisani. Waliokuwa wamepanga mstari kando ya njia walipiga vigelegele, wakasema mzee amemleta bi harusi. Mimi nilikuwa nyuma yao na baiskeli, na niliona kila penye jiwe binti anaubana mkono wa baba kidogo, naye baba ananyanyua mguu.

Baiskeli niliiegemeza ukutani nje, nikakunjua miguu ya suruali, nikaingia. Tulipotoka, ndama wa watu alikuwa amekula nyasi zote zilizobaki ndani ya tairi la nyuma, likabaki tupu.

Sasa baba haoni hata vivuli. Hukaa barazani Bagara, na anaposikia kandambili zikiburuzwa barabarani husimama na kuvua kofia. Kesho nitarudi kwenye lile duka, nimpakie tena kwenye baiskeli yake. Ninunue mpira mmoja au miwili, hilo bado nalifikiria.