Salim Aliposema Maneno ni Yake

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Ustawi wa Nakuru alinionyesha meza, taipureta, na mwanamume aliyekumbatia kodiani, kinanda cha kuvutwa.

"Wewe Wambui utaandika maneno, Salim atatia sauti. Nataka mchezo wa nyimbo baada ya wiki nne."

Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, jukwaa sijawahi kuliona.

Salim alizaliwa Bondeni, mtaa wa hapo Nakuru, kwa wazee waliotoka pwani. Herufi za Kizungu hakuzijua. Alisoma madrasa, akaandika kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo nilimsomea kila ubeti, naye akanirekebisha: "Dada, neno hili linamkaba mwimbaji. Lifupishe." Alinifundisha kwamba kiitikio, kile kinachoimbwa na wote, hutungwa kwanza, kwa sababu ndicho watu hurudi nacho nyumbani. Tulifanya hivyo Nakuru, tukapelekwa Gilgil, kisha Kariandusi, ambako wachimbaji walikuja kututazama wakiwa weupe kwa vumbi la machimbo.

Huko tulitayarisha mchezo wa mkamuaji ng'ombe wa shamba la mzungu. Kiitikio changu kilisema: "Ng'ombe namlisha mimi, maziwa anywe nani?" Ulikuwa wakati wa hali ya hatari, na sisi Wakikuyu tulikuwa tukisombwa kwa malori kupelekwa kizuizini. Inspekta mmoja mzungu akapanda jukwaani katikati ya mazoezi, karatasi yangu mkononi.

"Nani aliandika hii maneno?"

Mwanangu wa miezi mitatu alikuwa mgongoni. Kabla sijafungua mdomo, Salim akaweka kodiani chini.

"Mimi, bwana."

"Andika hapa, mimi naona."

Salim akachukua kalamu, akakiandika kiitikio chote kutoka kulia kwenda kushoto. Inspekta akaigeuza karatasi huku na huku, asione pa kuanzia, hadi akamwita askari mmoja Mwislamu. Askari akasoma neno kwa neno, yakawa yaleyale ya karatasi yangu. Salim akatiwa pingu, akapandishwa kwenye lori. Mimi nilisimama pale, sikusema lolote.

Alirudi baada ya miaka miwili, amekonda, meno ya mbele hayapo. Nilipiga magoti kumshukuru, akaniinua.

"Ungesema, ningekukana. Una mtoto," akasema. "Lakini dada, pale kwenye lori nilikuwa bado nimetega sikio nisikie sauti yako."

Kesho yake akaja kazini, akaniuliza kiitikio kipya kiko wapi. Tukaandika pamoja mpaka nikastaafu, na jambo lile hakuligusa tena. Vijana mnaoandika wawili wawili huniuliza siri ya kudumu. Mimi nilidumu kwa aibu; yeye sijui alidumu kwa nini.

Alipofariki, niliomba ruhusa ya kusema mbele ya watoto wake. Nikawaambia kwamba maneno yaliyomfunga baba yao yalikuwa yangu. Binti yake mkubwa akanishika mkono, kwa upole, kama anayemshika mgonjwa.

"Hapana, mama. Baba alituambia mpaka siku ya mwisho kwamba aliyaandika yeye."