Kikombe cha Dereva wa Kifaru

Saa moja asubuhi, jua linapenya kati ya mbao za ukuta na kulala juu ya meza ya Nassor Faki, mtaani Bombolulu. Mezani kuna kifaru cha vita kinachoenea kiganjani. Nassor anakunja kipande cha leso, anakifunga kwa uzi, na tayari ni blanketi la askari. Analiweka nyuma ya mzinga taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Kando yake kuna madebe ya maji yaliyokatwa kwenye mrija wa dawa ya meno, sufuria ndogo kama punje ya hindi, na mnyororo uliotokana na mkufu wa mkewe, Dhahabu.

"Mkufu ulipokatika, mimi niliona uchungu, yeye akaona bahati," asema Dhahabu akimwekea chai. "Nikamwambia, haya, chukua."

Nassor ana miaka arobaini na mitatu. Polio ilimpata utotoni, naye hutembea kwa magongo. Riziki yake ni magari ya mbao yanayouzwa kwa watalii. Kifaru hiki, hata hivyo, ni cha jirani yake, Mzee Kaviha, aliyekuwa mpiga mzinga jeshini miaka ya themanini. Macho ya Mzee yanafifia, na daktari amemwambia nuru haitarudi. Kabla giza halijaingia, anataka kukiona tena kifaru chake, na wenzake wakiwa ndani.

"Kifaru bila vyombo ni chuma tu," alimwambia Nassor. "Sisi tulikuwa tukiishi pale. Tukipika, tukianika nguo. Niwekee maisha, fundi."

Vyombo havikumshinda. Kilichomshinda ni watu. Marehemu babake, mwalimu wa chuo cha Kurani, alimkataza kuchonga sura ya mwanadamu, naye aliahidi.

"Kuchonga sichongi, wallahi," asema. "Lakini nikipewa aliyekwisha tengenezwa, nampokea kama mgeni."

Wageni hao hutoka kwa Nyambura, muuza mitumba wa soko la Kongowea. Kila afunguapo robota la nguo, hupekua mifuko ya suruali za watoto. Humo hukuta askari wa plastiki waliosahauliwa na watoto wa ng'ambo. Humwekea Nassor kwenye kopo, na hamtozi kitu.

"Huyu hana miguu, fundi," alimwambia juzi.

"Lete tu. Hata mimi yangu imenikataa, na kazi nafanya. Atakaa ndani ya tundu, nani atamchungulia?"

Nyambura alicheka mpaka akaketi juu ya robota.

Hivyo amepatikana kamanda, mpiga mzinga na mpakia makombora. Aliyebaki ni dereva. Dereva wao aliitwa Kitsao, rafiki mkubwa wa Mzee Kaviha, aliyefariki kwa maradhi miaka michache iliyopita. Nassor amengojea askari wa kushika nafasi yake tangu mfungo wa Ramadhani. Jana binti wa Mzee alikuja kusema kwamba sasa babake hamtambui mtu mpaka asikie sauti.

Hakuna tena wakati wa kungoja. Nassor anang'oa kipete cha bati cha tundu la kamba kwenye kiatu kikuukuu, anakiziba chini, kinakuwa kikombe. Anakigandisha ukingoni mwa tundu la dereva, na tundu analiacha wazi, kama kwamba dereva ametoka mara moja.

Mzee anaingia ameshika bega la bintiye.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Nipe."

Anakielekeza kifaru dirishani, anakodoa macho, anatikisa kichwa. Haoni ila kivuli. Kisha vidole vinaanza kutembea.

"Blanketi hili... Na sufuria yetu! Imebonyea vilevile." Anawagusa watu watatu, mmoja mmoja, kama anayewapa mkono. Kidole kinafika mbele, kwenye tundu tupu, kinasimama.

"Niwie radhi, Mzee," asema Nassor. "Dereva sikumpata."

Kidole kinasogea kidogo. Kinakuta kikombe.

Kicheko kinapanda kutoka tumboni mwa yule mzee, na machozi pamoja nacho.

"Kitsao huyu! Kila tukisimama, kikombe anakiacha ukingoni, huyo, kwenda kuomba sukari!"

Binti yake anageuza uso na kufuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nassor sasa ana mpango. Inshallah atamjengea Mzee kambi nzima ya kushika kwa mkono: jiko, kamba ya nguo, hema. Nyambura ameahidi kuendelea kupekua mifuko.

"Na dereva akipatikana?" anauliza Dhahabu.

Mzee Kaviha yuko mlangoni, kifaru amekikumbatia kifuani.

"Msimharakishe," ajibu. "Alete sukari kwanza."