Chipsi za Mama Zisizokaangwa

Nimewapikia wageni wa Diani chipsi kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na sijamwona hata mmoja akiirudisha sahani yangu jikoni. Mama yangu aliirudisha. Aliirudisha siku ya kwanza, wiki ya pili, mwezi wa pili, na kila alipoirudisha alitabasamu akasema, "Nimeshiba, mwanangu, Mungu akubariki." Hakuna kinachomchoma mpishi kama kukataliwa kwa dua.

Mama aliuza viazi karai hapa Msambweni tangu sijaota meno. Vile viazi vilivyovikwa unga wa manjano na kuzamishwa kwenye mafuta ndivyo vilivyoninunulia sare ya shule na viatu. Kisha presha ikampanda, moyo ukaanza kusumbua, na daktari akasema mafuta basi, chumvi kidogo sana. Mama aliitikia kwa adabu. Aliporudi nyumbani alilifunika karai lake, akaacha kula. Sisemi kwamba aligoma. Alidonoa tu vijiko viwili, akamaliza. Kanga iliyokuwa ikimtosha ikaanza kumzunguka mara mbili. Tuliporudi kliniki daktari alimpima uzito, akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Alisema akiendelea hivi atalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani.

Basi nikakasirika. Mimi hasira ndiyo kazi yangu ya pili, muulize yeyote aliyewahi kukata vitunguu karibu yangu. Nilijiambia kwamba mwanamke aliyelisha nusu ya Msambweni hatalishwa kwa mpira mimi nikiwa hai. Nikachukua usukani. Nilimtengea sahani yake, kijiko chake na meza yake ndogo karibu na dirisha, ili mchuzi wetu wenye chumvi usimfikie hata kwa bahati mbaya. Sisi wengine, yaani mke wangu, watoto na mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama na anaishi nasi, tuliendelea na sinia letu mkekani. Mgonjwa haulizwi uji. Nilimpikia viazi vya kuchemsha, samaki wa kuchemsha, mchicha wa kuchemsha. Nimeshiba, mwanangu. Mungu akubariki.

Ndipo nikaamua kwamba anachokililia ni ule ukavu wa nje, ile sauti ya kiazi kikivunjika kati ya meno. Nikatafuta oveni. Kule Tiwi kulikuwa na nyumba ya wageni iliyokuwa ikifungwa, nikainunua yao kuukuu, ikaja kwa tuktuk mlango wake umefungwa kwa kamba ya katani. Mama mdogo aliizunguka mara mbili akauliza ni kabati la nini.

Watu hudhani chipsi za oveni ni kuvitupa viazi kwenye trei na kwenda kulala. Kiazi cha oveni kina kiburi. Nilivikata vya unene wa kidole, nikaviloweka kwenye maji baridi mpaka maji yakaacha kuwa meupe. Nikavichemsha kidogo kwa tone la siki visije vikavunjika, nikavimwaga kwenye chujio na kuvitikisa mpaka kingo zikakwaruzika, maana hizo kingo ndizo zinazokauka. Nikavipangusa kwa taulo safi kimoja kimoja. Mafuta yalikuwa kijiko kimoja tu kwa trei nzima. Trei lazima iwe imeshapata moto ndani ya oveni kabla ya viazi kuigusa, na viazi visipandane, kila kimoja kipate nafasi yake.

Mara ya kwanza viliungua nje, ndani vibichi. Mara ya pili vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Niliipiga oveni teke, kidole cha mguu kikavimba, nikaenda kazini nikichechemea. Shefu mkuu, kijana wa bara, akacheka. "Buda, wewe weka rozmeri na mafuta ya uyoga, wasee wanadai ladha!" Nilimwambia mama yangu si mmoja wa wasee wake, wale watu wa hotelini. Lakini maneno ya ladha yaliniingia. Kama chumvi imekatazwa, kitu kingine lazima kifanye kazi yake.

Nikatengeneza vya kwetu. Bizari nyembamba nilizikaanga kavu nikazitwanga na pilipili manga. Kitunguu thaumu nilikisaga nikakiweka kando, kwa sababu ukikitia mapema kinaungua na kuleta uchungu. Ganda la ndimu nilikwaruza lile la kijani tu. Ukwaju niliuchemsha ukawa rojo zito, nikatia pilipili mbuzi moja na tende mbili. Mke wangu alionja rojo hilo akafumba macho. Nilijua nimeshinda.

Siku yenyewe ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Mke wangu na watoto walikuwa wamekwenda kwao Lunga Lunga, nyumbani tulibaki watatu. Nilianza asubuhi. Baada ya adhana ya adhuhuri nilifungua oveni na, wallahi, nilitaka kulia. Viazi vilikuwa rangi ya dhahabu, vikigongana kwenye trei kwa mlio mkavu. Nikavirushia thaumu, bizari na ganda la ndimu. Nikapakua kwenye sahani ya mama, vyote vilivyobaki nikavitia kwenye sinia. Mama alikuwa bado chumbani akiswali, na siku hizi anaswali ameketi, polepole. Ndimu za kukamulia zilikuwa zimeisha. Nikamwambia mama mdogo, "Naenda dukani, dakika tano tu. Usiviguse."

Hakuvigusa. Alivifunika.

Niliporudi nilizikuta kawa mbili za ukindu, alizozisuka yeye mwenyewe, zimekaa juu ya sahani na sinia kama makofia. Kwetu chakula hakiachwi wazi. Chakula kilichoachwa wazi ni aibu ya nyumba, na anayefunika anamheshimu anayengojwa. Mama mdogo amefunika vyakula miaka sitini, wali, samaki, mahamri, na hakuna hata kimoja kilichoharibika. Lakini chipsi za oveni ukizifunika zikiwa moto, mvuke wake wenyewe unazila. Niliinua kawa, matone yakanidondokea mkononi. Nikashika kiazi kimoja, kikainama.

Damu ilinipanda. Nilisema, "Mama mdogo, umenitilia mchanga kwenye kitumbua changu! Tangu asubuhi nimesimama hapa!"

"Nimekosa nini, baba?" aliuliza. Aliniita baba, kama anavyoniita tangu utotoni.

"Nilikwambia usiviguse!"

"Sikuvigusa. Nimevisitiri tu."

Laiti angenijibu kwa ukali ningejua la kufanya. Ule upole ndio ulionimaliza. Nilizichukua zile kawa mbili nikazirusha uani, moja ikabiringika mpaka bandani kwa kuku. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia kwamba kama mama atalazwa, ajue ni mkono wa nani. Mama mdogo aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akaziba mdomo kwa upande wa kanga.

Mlango wa chumbani ulifunguka. Mama alisimama pale bado na kanga ya kuswalia, ameshika ukuta. Alikuwa amesikia yote. Alinipita bila kunitazama. Aliipita pia meza yangu ndogo ya dirishani. Akaichukua ile sahani yake, akaimimina yote ndani ya sinia, akaliburuta sinia kwa mkono mmoja hadi mkekani na kuketi kwa shida.

"Njoo, mdogo wangu," alisema. "Tule."

"Mama, vimeharibika," nilisema. "Ngoja nioke vingine, nusu saa tu."

"Nimekusikia unapiga kelele kwa ajili yangu," alisema. "Sasa nisikilize. Miezi mitatu unanipa sahani yangu pale dirishani, nawatazama nyinyi mkila mkekani. Nani hutengewa sahani yake pembeni? Paka. Huyu mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiningoja nile naye. Kila siku anaketi nanyi mkekani, lakini mkishamaliza yeye anakuwa hajala. Hukuliona hilo?"

Sikuliona. Nilikuwa nikitazama sahani ya mama tu, nikihesabu vijiko.

"Mbona hukuniambia?" niliuliza, na sauti yangu ilikuwa bado ya mtu mkali.

"Ungekasirika," alijibu.

Mama mdogo alifika, akanawa, akaketi. Walianza kula. Mama alichovya kiazi kilichonyong'onyea kwenye rojo la ukwaju, akala, akachovya kingine. Walizungumza habari za mtoto wa jirani aliyezaliwa Alhamisi na jina atakalopewa. Mama mdogo alimsogezea dada yake vile vilivyokaza kidogo pembezoni, mama akavirudisha upande wake, wakasukumana hivyo kwa vidole. Mama alikula viazi kumi na tano. Kisha nikaacha kuhesabu.

Nilibaki nimesimama na ndimu zangu kwenye mfuko. Nataka nieleweke: hasira haikuniisha. Niliikasirikia oveni, nikamkasirikia daktari, nikazikasirikia zile asubuhi zote nilizopoteza nikipangusa viazi kimoja kimoja, wakati dawa ilikuwa ni kusogea kidogo mkekani. Na mama mdogo, ambaye nilikuwa nimemtupia lawama ya kulazwa kwa mama, alikuwa na njaa ya miezi mitatu na hakuwahi kunyanyua sauti. Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, wote pale chini walikuwa wakila.

Nilimwambia, "Mama mdogo, nisamehe."

"Nimeshakusamehe, baba. Lete hizo ndimu."

Nikazikata, nikazikamua juu ya sinia. Mama alisogea, akafungua nafasi kati yake na mdogo wake. Nikasema nitakula baadaye, nina kazi jikoni, trei ile inataka kusuguliwa. Alinishika upindo wa suruali.

"Keti," alisema. "Mimi sishibi wewe ukiwa umesimama."