Mdomo Uliokataa Kufunguka

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya meno, hapa Nakuru mjini, nililia kabla ya mgonjwa. Daktari Mkuu, mama mwenye mikono midogo na sauti kubwa, alinipa paipu ya kunyonya mate na damu, akasema, "Msichana, hapa machozi ni ya mgonjwa. Wewe shika taya." Nikashika. Mimi si mzee, lakini mwezi huu naiacha kazi hiyo, na ninakuandikia wewe unayekuja kushika paipu baada yangu.

Meno ya mwisho yana mambo. Huota mtu akiwa ameshakuwa mkubwa, na mara nyingi hukuta nafasi imeisha. Basi jino linalala kwa ubavu ndani ya mfupa, likimsukuma jirani. Ufizi unaolifunika nusu unakuwa mfuko wa kuficha chakula. Mfuko ukioza, shavu linafura.

Baadaye nilipelekwa tawi letu la Molo, chini ya Daktari wa Tawi, kijana mpole sana. Huko ndiko alikoletwa Kiprono, mkulima wa viazi kutoka Kuresoi. Alikuja na nyanya yake, ambaye sote tulimwita gogo kama wanavyosema kwao. Kiprono alikuwa amefungwa kitambaa kichwani, na ndani yake, juu ya shavu, kulikuwa na kiazi cha moto.

"Nani alikuambia uweke kiazi?" Daktari aliuliza.

Angejibu vipi? Taya lilikuwa limekaza, hata kijiko hakipiti.

"Ni mimi," gogo akasema. "Viazi tunavyo."

"Gogo, joto la nje linavuta usaha. Ukishuka shingoni, atashindwa kupumua."

Gogo akatuonyesha pengo la meno mawili ya chini, yaliyong'olewa kwa desturi akiwa msichana. "Sisi, taya likifunga, unamiminiwa maziwa hapa. Vijana wa siku hizi mnajaza mdomo mzima. Sasa uji utapita wapi?"

Kiprono alicheka kwa pua, akashika shavu kwa uchungu.

Daktari alipapasa shingo, akaikuta bado laini, akanigeukia. "Siwezi kukata jino la mwisho nisiloliona. Nitampiga sindano za kukausha usaha. Wewe ufungue huo mdomo."

Basi wakalala kwa jamaa yao hapo Molo, na kila asubuhi baada ya sindano nilimkalisha Kiprono kwenye benchi. Nilikuwa na vile vijiti bapa vya mbao vya kukandamizia ulimi. Nilipenyeza kimoja katikati ya meno, tukangoja, nikapenyeza kingine juu yake. Alitokwa na machozi. Yangu niliyameza.

Shavu liliposhuka na mdomo kufunguka kiasi, gogo alifunga mzigo. "Amepona. Viazi vinangoja kuchimbwa."

"Gogo, jino bado limelala pale pale," nikamwambia. "Shavu litafura tena, na safari hiyo huenda msifike hapa."

Akamgeukia mjukuu. "Unasemaje?"

Kiprono akatema vijiti. "Litoke leo."

Daktari alimdunga ganzi, akapasua ufizi, akakwangua mfupa kwa mashine, akalikata jino vipande. Mimi nilishika taya kwa mkono mmoja na paipu kwa mwingine mpaka bega likafa ganzi bila sindano. Vipande vikatoka. Daktari akashona.

Sasa ninarudia mtihani wa fomu four, kwa sababu nataka siku moja nishike kisu mimi mwenyewe. Watu wananiuliza kama nina akili timamu, kuacha kazi. Mimi nawasimulia asubuhi Kiprono aliporudi kutolewa nyuzi. Alikuwa ameamka mapema, na akiwa kwenye benchi akapiga mwayo mkubwa, mdomo wazi kabisa, mikono juu.

"Funga huo mdomo!" gogo akampiga begani. "Watu wanakuona mpaka tumboni!"

Kiprono akapiga mwingine, makusudi.