Dakika Tatu Zako

Baba yangu alisimamia boila namba mbili kwenye mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi, mwanawe wa mwisho, nafunga sola kwenye mapaa ya watu. Ukoo mzima umetucheka kwa hilo. Dada husema Mungu alitaka kuona kama watu wanaweza kula meza moja bila kurushiana vijiko, akatuumba sisi wawili.

Tuliweza, kwa muda mrefu tu. Baba si mtu wa kufoka. Ana misimamo, na ameipanga kichwani kama alivyopanga zana zake ukutani, kila mmoja na msumari wake. Kuhusu umeme: jua ni kibarua asiyeajirika, wingu likipita anaketi, na hospitali haiwezi kumwambia mgonjwa aliye kwenye mashine asubiri kupambazuke. Kuhusu vita: usivianze, lakini ukivianza usivipumzishe. Mdogo wake aliuawa mpakani baada ya adui kupewa siku kumi za mazungumzo, akazitumia kuleta mizinga mipya. Kuhusu dini: ibada si duka la nguo, uingie ujipime uone kipi kinakukaa. Na kuhusu vyombo vya habari, basi hapo ndipo anapotoa daftari.

Ni daftari la zamu, la jalada gumu, alilotoka nalo kazini siku mtambo ulipofungwa. Safu bado zimechapwa humo: saa, presha ya mvuke, joto, saini. Kila asubuhi saa moja Baba huweka saa ya mezani kando ya redio, anavaa miwani, anaandika nani amepewa muda gani. Wanaotaka mitambo yote ya makaa ifungwe, dakika nne na nusu. Wanaotaka ibaki, sekunde ishirini, na msemaji wao mmoja alikatwa akikohoa. Alimwandikia mhariri barua kila mwezi kwa miaka miwili. Hakujibiwa hata moja.

"Sitaki wakubaliane na mimi," aliwahi kuniambia. "Nataka dakika sawa. Ni jambo kubwa hilo?"

Mama alikuwa akimsikiliza huku anachambua mchele, anaguna panapostahili kugunwa. Mama alipofariki, kwa ugonjwa wa kifua, Baba alihamia na misimamo yake kwenye simu, kwenye kundi la familia. Tulikuwa kumi na wawili humo. Ujumbe wa sauti mmoja alfajiri, wa pili baada ya chai, wa tatu baada ya kufikiri zaidi. Mwanzoni tulimjibu kwa picha za vidole gumba. Kisha Kaka akaandika, "Mzee, wengine tuko kazini." Debe la Baba halikuwa tupu, lakini lilivuma kweli.

Siku moja alisema wanaodai makaa yanaua watu hawajawahi kuleta cheti hata kimoja. Nilikuwa juu ya bati la moto, bisibisi mdomoni. Nikaandika: "Cheti ni Mama. Moshi wenu ndio uliomuua." Nikaweka simu mfukoni, nikaendelea kukaza skrubu, tena kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Hakuna aliyejibu, hata Baba. Wiki hiyohiyo Dada alifungua kundi jingine, la watu kumi na mmoja, na kwenye lile la zamani watu wakaanza kutoka mmojammoja, kila mara simu ikitangaza kwamba fulani amejitoa. Nilibaki mimi na yeye. Usinipe sifa. Sikubaki kwa upendo, nilibaki kwa woga, kwa sababu sikutaka aone jina langu na neno hilo pembeni yake. Nikazima mlio wa kundi, nikaacha kulifungua. Mwisho wa mwezi nilimpigia simu kama kawaida. Hujambo, sijambo, maji yanatoka, yanatoka, haya Baba.

Ikapita miezi saba. Binti wa Dada akajifungua mtoto wa kiume, wakampa jina la Baba. Kundi jipya lilijaa maua na pongezi siku mbili nzima. Siku ya kumi na tisa, mchana, Dada akanipigia.

"Kitinda, hivi Baba alisemaje aliposikia?"

"Aliposikia nini?"

"Habari za mjukuu wetu."

"Si ulimwambia wewe?"

"Mimi? Mimi nilijua Kaka kamwambia."

Kaka, alipoulizwa, alijua nimemwambia mimi. Basi tulikuwa na mtoto aliyebeba jina la mzee, watu kumi na mmoja waliompongeza kila mtu, na mzee mwenyewe hana habari. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Wewe ndiye uliyebaki naye kule," Dada akasema. "Mwambie wewe."

Nilikaa kwenye kivuli cha tangi la maji la mteja, nikafungua kundi la zamani. Kulikuwa na jumbe za sauti mia mbili na tatu ambazo sijazisikiliza. Karibu kila mmoja ulikuwa wa dakika sita na sekunde chache. Nikasema moyoni, dakika sita za makaa, Mungu nipe subira. Nikafungua ule wa kwanza ili akiniuliza nisiongope.

"Kitinda," sauti yake ikasema, "tumebaki wawili. Kwa hiyo tutaendesha kwa haki. Dakika tatu zangu, dakika tatu zako. Naanza mimi."

Akazungumza juu ya makaa dakika tatu. Akakohoa, akanywa kitu.

"Zako sasa. Wewe ungesema, Baba, betri za siku hizi si zile unazozijua. Ungesema, ile zahanati niliyokusimulia, kina mama wanajifungua taa ikiwaka, na hakuna aliyechimba shimo popote. Hapo ungenibana kidogo."

Alinisemea mpaka muda wangu ukaisha, na alinisemea vizuri kuliko ninavyojisemea. Nikafungua mwingine, na mwingine. Kwenye vita alinipa upande wa mazungumzo, akasema kwamba siku kumi zile zilimuua mdogo wake lakini huenda ziliokoa kijana wa mtu mwingine ambaye hatujui jina lake. Hakukubali. Alisema tu kwamba mimi ningesema hivyo, na kwamba ningekuwa na haki ya kusema. Kwenye dini alisema, "Ungeniambia hujaacha kuomba, umeacha kwenda tu. Sawa. Nafasi yako ubavuni pangu naishikilia kwa kofia. Watu wanadhani ni mzee anayependa kujitanua."

Nilicheka peke yangu pale chini ya tangi, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Nikaruka hadi jumbe za mwezi wa tatu tangu tubaki wawili.

"Leo ni mama yako," alisema. "Zangu. Nilisema vumbi la makaa halikuvuka ua wa mtambo. Nilikuja nalo nyumbani kwenye nguo, na nguo alizikung'uta yeye. Miaka thelathini na mmoja. Basi. Zangu hazikufika hata dakika moja. Zako sasa. Hizi sitakusemea."

Zikafuata dakika tatu za kimya. Saa ya mezani ilisikika, kiti kilisikika, gari moja likapita huko nje kwake. Kisha akasema, "Haya, muda umekwisha."

Tangu siku hiyo hakunisemea tena. Alitoa zake, akaniachia zangu tupu, asubuhi baada ya asubuhi, mara zaidi ya mia moja. Mimi muda wote huo nilikuwa juu ya mapaa ya watu, simu mfukoni.

Nikabonyeza kurekodi. Dakika ya kwanza nililia, sikuona haja ya kuifuta. Ya pili nilimwambia kuhusu kundi jingine, na kwamba tulimtenga, na kwamba mimi pia nilimtenga. Ya tatu nikasema amepata kitukuu wa kiume, ana afya, ana siku kumi na tisa. Nikatuma. Alama zikageuka buluu papo hapo, kana kwamba alikuwa ameishika simu mkononi.

Alijibu kwa maandishi.

"Kundi lenu nililijua. Watu kumi hawajitoi kwa wiki moja bila kuwa na pa kwenda. Msiniingize huko. Mtoto anaitwa nani?"

Sikuwa nimefika kwenye jina. Nikaliandika jina lake, nikalitazama kwenye kioo cha simu, nikatuma. Alama zikageuka buluu.

Kesho yake asubuhi, baada ya taarifa ya habari, uliingia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Zake tatu hazikuwa na neno hata moja, saa ya mezani tu, na mtu anayevuta kamasi. Kisha akasema, "Zako sasa."