Punda Hakujua Kwamba Sina Kazi

Jumatano, katikati ya Oktoba. Asubuhi mawingu yalisimama juu ya Migwani, tukakimbia kuanua nguo, halafu yakaondoka bila kumwaga hata tone. Joto likarudi kama lilikuwa limetoka tu kwenda dukani.

Mwanangu Mutheu, najua wewe ni mjukuu, lakini nimezoea kukuita mwanangu. Leo mama yako aliniomba niongee na wewe. Alisema, akiniita bibi kama unavyoniita wewe, "Susu, wewe ndiye anayekusikiliza." Sina hakika kama unanisikiliza. Nilikuja mpaka mlangoni nimepanga maneno, nikakukuta umelala umetazama ukuta, simu kifuani, sahani ya jana bado iko sakafuni. Maneno yote yakapotea. Kitu kilichotoka ni hiki: "Mikono inaniuma. Mahindi ya muthokoi yatakobolewa maganda kinuni na nani?"

Nikaona aibu, nikaenda zangu. Sasa naandika, maana karatasi inaningoja nikikwama.

Mama yako anataka Jumapili uende Mombasa kwa mjomba wako, pengine utachangamka huko. Si mama mbaya. Tangu umalize chuo na barua zako za kazi zikose majibu, amekuletea chakula chumbani, amekununulia bando, amekataa usitumwe popote. Lakini anaogopa. Na mimi naogopa ukienda huko utalala tu kitanda cha watu wengine. Sijui nani kati yetu yuko sawa. Naweza kukueleza tu yaliyonipata mimi.

Nakumbuka asubuhi moja kwetu Kalamba, kabla sijaolewa huku Kitui. Nilikuwa nimerudi kutoka Emali. Huko nilikuwa naosha vyombo na kupeleka chai mezani katika hoteli moja ya kando ya barabara. Mwenye hoteli alifunga akahama, nikarudi nyumbani na blanketi na beseni. Mwanzo nilisema napumzika. Halafu kupumzika kukawa hakuna mwisho. Nilikuwa naamka jua limeshapanda, nakaa kitandani, najiambia nitaoga, kisha naona kuoga ni safari ndefu. Nikisikia wageni ndipo nanawa uso.

Na nyumbani hakuna aliyenisema. Ukumbuke mimi ndiye nilikuwa nikileta sukari na sabuni. Kwa hiyo waliniheshimu. Mwaitu, ndiyo kusema mama yangu, aliniletea chai kitandani. Mdogo wangu alichota maji yangu. Mtu akiuliza, wanamjibu kwa sauti ya chini, "Bado anatafuta." Nilikuwa kama mgeni kwetu. Nilifikiri wananipenda, na kweli walinipenda. Lakini kila wakinihurumia, nilizidi kuwa mzito. Hilo mpaka leo sijalielewa vizuri.

Basi asubuhi hiyo shangazi, dada ya baba, alikuja akichechemea, anamvuta punda wake. Alikuwa ameumia nyonga. Akamfunga punda kwenye nguzo karibu na dirisha langu, akaongea kwa nguvu ili nisikie.

"Huyu hunywa maji kabla ya jua kuwa kali. Mimi mguu umekataa. Huyo binti yenu atampeleka mtoni, na mitungi yangu ya maji."

Mwaitu akasema, "Mwache, shangazi, binti anawaza mambo ya kazi."

"Awaze akitembea. Kwani punda anajua kama hana kazi?"

Akaenda zake, akamwacha punda pale. Hakunishauri kitu, hakuniuliza kama nina shida. Nilikasirika sana, na nikaapa siendi.

Kesho yake alfajiri punda akalia. Wewe umezaliwa wakati wa tangi la maji, hujui punda akilia chini ya dirisha ni nini. Nilifunika kichwa, akaendelea. Niliamka si kwa sababu nilipata nguvu. Niliamka ili anyamaze.

Mto wetu ni wa mchanga. Juu ni mkavu, maji yako chini, kila boma lina kisima chake limekizungushia miiba. Usipokichimbua kila mara, mchanga unaporomoka kinazibika. Cha shangazi kilikuwa kimezibika. Nilikaa pale nikichota mchanga na kikopo, punda ananipumulia shingoni. Mama mmoja jirani akaniambia, "Kumbe uko? Sisi tulijua umeolewa Emali, tumekaa tukingoja mbuzi wa mahari." Wakacheka. Nikajikuta nimecheka pia, na koo likakwaruza kama mlango uliokaa bila kufunguliwa.

Siku chache baadaye shangazi alikuja kumkagua punda, akakuta ngozi ya mgongo imechubuka. "Umemfunga mitungi kama unafunga kuni. Hebu njoo uone." Akanigombeza mbele ya watu wote. Na mwanangu, hapa ndipo nachanganyikiwa: nilifurahi. Miezi yote hiyo hakuna aliyeona kosa langu lolote, kwa sababu hakuna aliyenipa kitu cha kukosea.

Sasa niseme ukweli wote. Punda hakunipa kazi. Kazi niliipata baadaye sana, kwa kuambiwa na mtu, bahati tu. Ndugu yangu Kioko alikuwa akiamka kabla yangu kila siku kutafuta kibarua, na hakupata. Kwa hiyo sitakuambia ukiamka mapema kazi itakuja. Nitakuwa nimekudanganya. Tena wakati wetu hawakutuuliza uzoefu wa miaka, walituangalia mikono tu. Nyinyi mmefungiwa milango mingi kuliko sisi. Na pengine kilichoniinua ni ile mvua iliyokuja baadaye, au hasira, au ujana. Sijui.

Nasaha yangu ni hii, uichukue kama itakufaa. Usingoje hamu ije ndipo uinuke. Mimi yangu ilinikuta mtoni, haikunifuata kitandani. Tafuta kitu kimoja hapa nyumbani ambacho usipokifanya wewe, mtu au mnyama atakuwa na kiu. Kiwe kidogo. Kifanye hata vibaya, tukugombeze. Barua za kazi uandike baada ya hapo, ukiwa umeshatoka jasho. Na kama uzito huo ni ugonjwa, maana upo ugonjwa wa namna hiyo, tuambie twende hospitali bila aibu. Na sisi tuache kukufanya mgeni. Hilo nitamwambia mama yako, ingawa najua atalia.

Mungu akuinue polepole, asikuvute. Akupe watu wa kukuhitaji, na mikono yako isikose cha kushika.

Nilikuwa nimefika hapo nikasikia mchi nyuma ya jikoni. Sikutoka kuangalia, niliogopa utaacha.

Jioni tumekula muthokoi na mbaazi, wewe umekaa kwenye kigoda karibu na moto, na hakuna sahani iliyopelekwa chumbani. Maganda yalikuwa mengi, yanashika kwenye meno. Mama yako alinikonyeza ninyamaze. Nikasema, "Mutheu, hii hukukoboa, uliitia woga tu."

Ukasema, "Susu, ni kinu chenu kibaya."

Mama yako aliacha kutafuna. Halafu akakuongezea kijiko kingine, nawe ukala.