Harufu Aliyoisema Dobi

Dobi wetu tulimwita Pasi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana linalotazama barabara, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba tatu za kutundikia nguo na pasi mbili: moja ya umeme, nyingine ya mkaa ya siku umeme ukikatika. Mkewe alikaa kwenye kona akishona vifungo vilivyochomoka. Walifanya kazi hivyo miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwuliza Pasi maoni yake juu ya jambo lolote kubwa kuliko doa la wino.

Kwenye mgahawa wa jirani alikaa karibu na mlango. Alisikiliza wenzake wakibishana, akacheka walipocheka, akarudi kazini. Akithubutu kutia neno, fundi baiskeli, mwenye sauti kama honi, alimkata katikati, naye Pasi akaishia kukoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

Kisha yule mtangazaji akauawa. Ndiye aliyesoma habari za asubuhi redioni, na nyumba nyingi ziliamka kwa sauti yake. Alikutwa kwenye maegesho ya ofisi yao, amepigwa kichwani na kitu kizito. Siku ya tatu polisi walimkamata mpima ardhi mmoja, mseja wa makamo, mpole, aliyeishi na mama yake mgonjwa mtaa wa pili kutoka kwetu. Mpima ardhi hakukana wala hakukiri. Alifunga mdomo wake, basi.

Kimya kile kilitutia wazimu. Mbona amuue? Wengine walisema ametumwa na wakubwa. Wengine walisema ugomvi wa kiwanja. Fundi baiskeli aliapa kwamba wawili hao walikuwa watoto wa baba mmoja na kwamba marehemu alimkana mwenzake. Tulikuwa bado tunamcheka pale mtu mmoja alipokumbuka: "Jamani, si Pasi ndiye anayemfulia nguo mpima ardhi?"

Shingo zote zikageukia mlangoni.

"Ni mtu mstaarabu," Pasi alisema. "Nguo zake karibu zinakuja safi."

Tukaguna, tukamgeuzia mgongo. Lakini kesho yake tulimwita tena, na safari hii alisogezewa kiti cha katikati. Hata fundi baiskeli alinyamaza kumsubiri. Pasi alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe ambebe na hajui amshike vipi.

"Kuna kitu," alisema. "Mashati yake yalikuwa na harufu."

"Harufu gani?"

Akakohoa. "Ya mwanamke. Nzito. Miezi kadhaa sasa. Mimi nimefua nguo za watu miaka thelathini, jamani. Harufu ya mke wa mtu naijua."

Mgahawa ulilipuka. Nilikuwepo, nikapiga meza kwa kicheko kama wengine, na niliporudi nyumbani nilimsimulia mke wangu kabla sijavua viatu. Mwandishi mmoja wa habari za mtandaoni alikuwa ameweka simu yake mezani inarekodi. Kufikia jioni, yule "mke wa mtu" alikuwa ameshajulikana: nani tena kama si mke wa marehemu? Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya mtaa wetu, mama wa watoto wawili, na mumewe alikuwa hajazikwa.

Harufu ilikuwepo kweli. Ila ilikuwa ya dawa ya kuchua, na Pasi aliijua siku zote. Mpima ardhi mwenyewe ndiye aliyemweleza, siku alipoleta mashati yenye mafuta mikononi. "Samahani, mzee wangu," alimwambia. "Kila jioni namchua mama miguu, dawa inanimwagikia."

Kwenye mazishi Pasi alisimama nyuma na umati. Aliona shemeji wa mwalimu akimshika mkono, akimtoa mbele ya jeneza na kumpeleka mstari wa nyuma, kati ya majirani. Mwanamke mmoja akaziba pua, wenzake wakacheka kwa chinichini.  Mwalimu alisimama pale alipowekwa, mikono imeshika mkoba, kama anayesubiri zamu yake kwenye foleni ya hospitali. Pasi aliondoka kabla udongo haujatiwa.

Mkewe alimkuta dukani amesimama mbele ya meza, pasi ikiwa baridi.

"Harufu uliyoisema kule," alimwuliza, "si ile dawa ya mama yake?"

"Ndiyo."

"Uliniambia mwenyewe. Nilikupa sabuni ya kipande uisugulie."

"Nimekwambia ndiyo."

 Mkewe alirudi kwenye kona yake akachukua sindano. Kimya cha mkewe, Pasi aliniambia baadaye, kilimuuma kuliko kama angetukanwa mbele ya watu. Hata hivyo alinyamaza. Alijidanganya kwamba maneno ya watu huchoka yenyewe, na kwamba akijitokeza atayachochea upya. Alibadilisha njia ili asipite shuleni. Wateja walipomchokoza awaongezee habari alijifanya anatafuta nguo iliyopotea, akainama chini ya meza mpaka waende.

Aliyemtoa huko chini ni binti yake mwenyewe. Alikuja Jumamosi moja, amemshika mkono mwanawe wa miaka saba, na akatangaza kwa fahari: "Nimemwondoa darasani kwa yule mwalimu. Wazazi karibu wote tumewaondoa watoto wetu. Siwezi kumwachia mwanangu mwanamke wa namna ile."

"Wa namna gani?" Pasi aliuliza.

"Baba, kwani huna habari? Mji mzima unajua. Kuna mtu alinusa."

Binti hakujua ni nani. Aliishi upande mwingine wa mji, akimleta mtoto shuleni kwetu asubuhi na kwenda zake, na habari ilimfikia bila jina. Pasi alimtazama mjukuu wake, ambaye alikuwa anavuta kamba ya nguo na kuimba silabi alizofundishwa, ba be bi bo bu. 

"Ni mimi," alisema. "Niliyenusa ni mimi. Na nilisema uongo."

Binti alicheka kwanza, akidhani utani. Alipomtazama mama yake kwenye kona, kicheko kikakatika. Akamchukua mtoto wakaondoka bila kuaga.

Alasiri hiyohiyo Pasi alivaa shati lake la heshima, akaenda nyumbani kwa mwalimu. Alifunguliwa mlango na mwalimu mwenyewe. Hakukaribishwa ndani, naye hakutegemea. Alieleza yote pale kizingitini: dawa, mama mgonjwa, mgahawa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea mlango.

"Tuliwahi kukosana mimi na wewe?"

"Hapana, mwalimu."

"Mume wangu alikukosea?"

"Hata siku moja."

"Sasa kwa nini?"

Pasi alikuwa ametembea njia nzima akilitafuta jibu la swali hilo, na alilolipata lilikuwa dogo mno hata kulitamka. "Walikuwa wananisikiliza," alisema.

Mwalimu aliuliza, "Basi?"

"Basi, mwalimu. Hakuna lingine."

"Polisi wananiuliza kwa nini mtu yule amemuua mume wangu, nawaambia sijui. Watoto wananiuliza, sijui. Na wewe umekuja kunipa sababu hiyo yako." Akashusha pumzi. "Jumatano kuna mkutano wa wazazi. Wanataka nihamishwe. Njoo uyaseme hayohayo, kwa mdomo wako huohuo. Usitie chumvi wala usipunguze."

Jumatano alikwenda, nami nilikuwepo kama mzazi. Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamebanana kwenye viti vya watoto, magoti yakifika kifuani. Pasi alisimama mbele ya ubao na kusema. Alisema hakusikia chochote, hakuona chochote, alichonusa ni dawa ya kuchua na alilijua hilo tangu mwanzo. Palipotokea mtu wa kumkata katikati aliomba aachwe amalize. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiomba hivyo.

Alipomaliza, mzazi mmoja alisimama. "Mzee, sema kweli. Nani amekutisha?"

"Hakuna."

"Basi wamekuhonga."

Darasa zima likacheka. Mimi nilitaka kusimama nimuunge mkono, maana nilikuwa mmoja wa waliolibeba neno lake. Sikusimama. Pasi alibaki mbele ya ubao, mikono imening'inia, mpaka mwenyekiti alipomwomba akae. Hapakuwa na kiti, akasimama ukutani. Hata hivyo wengine walisikia. Kati ya watoto arobaini na mmoja walioondolewa, kumi na wanne walirudi wiki iliyofuata, na mjukuu wake alikuwa miongoni mwao. Binti yake alimleta mtoto shuleni lakini dukani kwa baba yake hakukanyaga miezi mitatu.

Kesi ilisikilizwa baada ya mvua. Mpima ardhi alikiri kwamba ndiye aliyepiga. Jaji alimwuliza sababu, akajibu kwamba sababu anayo mwenyewe na haitamfufua mtu. Aliongeza neno moja tu: mke wa marehemu hajawahi kuzungumza naye hata mara moja. Akafungwa maisha. Jioni ile mgahawani fundi baiskeli alitikisa kichwa kwa kustaajabu. "Mnaona? Anamkinga mpaka mwisho. Hayo ndiyo mapenzi!" Pasi alikuwepo, mlangoni. Alisema kwa sauti, "Ni uongo, na uongo huo ni wangu." Wakamwambia anywe chai yake.

Mwisho wa mwaka mwalimu aliomba uhamisho, akakubaliwa. Siku ya kupakia vyombo mke wa Pasi alikwenda kumsaidia kufunga masanduku. Pasi alibaki dukani. Aliogopa asionekane kama anayekuja kudai shukrani kwa kuzima moto aliouwasha. Mkewe aliporudi, alivua khanga ya kichwani, akaketi.

"Ameondoka?"

"Ameondoka. Watoto walikaa mbele na dereva."

Pasi alinyoosha kola ya shati iliyokuwa tayari imenyooka. "Aliniulizia?"

"Hapana," mkewe alisema. "Hakukutaja."